Ishara za kwenda na kurudi kati ya mifumo tanzu: ulinganisho wa njia za kuziunganisha

Mota inapozungusha mzigo kupitia shafti, mawasiliano kati yao hayawi ya upande mmoja hata kidogo. Mota hutoa kani ya kuzungusha, mzigo hujibu kwa kasi, na kasi hiyo huamua volteji inayozalishwa ndani ya mota yenyewe, na kwa hiyo kiasi cha mkondo unaopita humo. Anayetaka kuichora hali hiyo katika programu ya michoro ya bloku kama Simulink hukutana mapema na kizuizi kimoja: mshale wa ishara una kichwa kimoja. Hubeba thamani kutoka bloku inayoikokotoa hadi bloku inayoitumia, wala hakuna kitu kinachorudi kupitia mshale huohuo. Mota na mzigo vikiwekwa katika mifumo tanzu miwili, yaani makundi mawili ya bloku, kila moja likifungwa kama kipande kimoja, ni lazima ipatikane njia ya kuipeleka kani upande mmoja na kuirudisha kasi upande wa pili.

Njia hizo ni kadhaa, na kwa mbali zinafanana, kwa sababu zote hufikisha thamani inakotakiwa. Hazifanani katika mambo mawili yanayoamua kama modeli itaaminika: kitanzi kinachoundwa na ishara hizo kinakatwa wapi, na nani anaweza kukiona kitanzi hicho anapousoma mchoro. Kabla ya kuchagua, naona swali la kwanza liwe hili: je, ishara hizi mbili ni habari mbili zinazojitegemea, au ni sura mbili za ubadilishanaji mmoja wa nishati? Kidhibiti kinapopeleka amri na kupokea kipimo kutoka kwenye kihisi, hizo ni habari mbili. Kihisi hakikivuti kidhibiti wala kidhibiti hakikilemei kihisi. Lakini kani ya kuzungusha ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko hutoa wati, kama vile volteji ikizidishwa kwa mkondo, au shinikizo likizidishwa kwa ujazo unaopita kwa sekunde. Jozi za namna hiyo haziwezi kutenganishwa bila gharama, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu inahusu gharama hiyo.

Milango miwili ya kawaida

Njia ya msingi ni kuupa kila mfumo tanzu mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, kisha kuchora mistari miwili: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Ubora wake ni uwazi. Msomaji huona kila kitu kinachopita, mpangilio wa ukokotoaji hutokana na mistari yenyewe, na mfumo tanzu unaweza kuondolewa na kujaribiwa peke yake kwa kuulisha maingizo ya majaribio. Kwa habari zinazojitegemea, sijaona sababu nzuri ya kuiacha njia hii isipokuwa mistari imekuwa mingi mno.

Tatizo lake hujitokeza pale ambapo matokeo ya pande zote mbili yanategemea maingizo ya papo hapo. Tuseme mfumo A unahitaji kasi ya sasa ili utoe kani ya sasa, na mfumo B unahitaji kani ya sasa ili utoe kasi ya sasa. Hapo hakuna wa kuanza, na hali hiyo ndiyo huitwa kitanzi cha kialjebra. Simulink hujaribu kukitatua kwa kukisia na kurekebisha makisio ndani ya kila hatua ya muda, kwa mbinu ya jamii ya Newton, jambo linalopunguza kasi ya uigaji na wakati mwingine kushindwa kabisa kufika kwenye jibu. Zaidi ya hayo, modeli yenye kitanzi cha kialjebra haiwezi kuzalishiwa msimbo wa kupakiwa kwenye kifaa.

Kitanzi hicho hakitokei kila mara, na ni muhimu kujua kwa nini. Kasi ya mzigo ikitoka kwenye bloku ya Integrator, inayojumlisha ingizo lake kadiri muda unavyopita, thamani yake ya sasa ni kumbukumbu ya yaliyopita, kwa hiyo haiisubiri kani ya sasa. Kitatuzi, yaani sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo hatua kwa hatua, huisoma kasi kwanza, hukokotoa kani, kisha huiendeleza kasi hadi hatua inayofuata. Kitanzi kipo katika mchoro lakini kimekatwa na hali halisi ya mfumo, bila udanganyifu wowote. Anayegawa modeli katika mifumo tanzu angefanya vyema kuipitisha mipaka yake mahali penye vigeu vya hali vya namna hiyo, yaani kwenye inesha (ukaidi wa kitu dhidi ya kubadilishwa mwendo wake), kwenye springi, kwenye kapasita au kwenye koili.

Kuna mtego mmoja ambao huwasumbua hata wazoefu. Mfumo tanzu ukifanywa wa atomiki, yaani bloku zake zote zitekelezwe kwa pamoja kama kitu kimoja, kitatuzi huweza kuuchukulia kana kwamba kila tokeo lake linategemea kila ingizo lake. Kitanzi ambacho hakikuwapo wakati bloku zilipokuwa huru hujitokeza kwa sababu ya mpaka tu. Simulink ina chaguo la kupunguza vitanzi vya namna hii katika mipangilio ya mfumo tanzu, lakini halifaulu katika kila hali. Mara nyingi dawa ya kudumu ni kuuhamisha mpaka.

Kuukata mzunguko kwa ucheleweshaji

Ujumbe wa kitanzi cha kialjebra unapotokea, ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni kuweka kwenye mstari wa kurudi bloku ya Unit Delay au Memory, inayotoa thamani ya hatua iliyopita. Ujumbe hutoweka mara moja. Ningependa nikae hapa kidogo, kwa sababu kitulizo hiki kina bei inayoweza kukokotolewa kwa karatasi na kalamu, na wengi huilipa bila kujua.

Ucheleweshaji wa milisekunde 1 humaanisha kwamba ishara ya hezi 10 inachelewa kwa digrii 3.6 kati ya 360 za mzunguko wake, na ile ya hezi 100 inachelewa kwa digrii 36. Kwa kidhibiti kinachofanya kazi chini ya hezi chache, digrii hizo si kitu. Tena, kama kidhibiti halisi husoma kihisi chake mara moja kila milisekunde, basi ucheleweshaji huo upo katika kifaa chenyewe, na kuuweka kwenye modeli ni kusema kweli. Katika hali hiyo ninaupendekeza bila kusita.

Hali hubadilika pale ishara inayocheleweshwa inapokuwa nusu ya jozi ya nishati. Chukua inesha iliyofungwa kwenye springi ngumu, ambapo pembe ya inesha hufika kwenye springi ikiwa imechelewa kwa muda h. Kwa makadirio ya kwanza, springi yenye ugumu k huongeza kwenye mwendo kitu kinacholingana na ufifishaji (nguvu inayopunguza mtikisiko) ulio hasi, wa ukubwa k mara h. Yaani badala ya kuutuliza mtikisiko, inaulisha nishati ambayo haikutoka popote. Modeli itatulia ikiwa tu ufifishaji halisi wa shafti unazidi kiasi hicho. Kwa springi ya niutoni-mita 1000 kwa radiani na ucheleweshaji wa milisekunde 1, ufifishaji unaohitajika ni niutoni-mita-sekunde 1 kwa radiani, ambao kwa shafti nyingi za chuma ni mkubwa kupita kiasi. Hatua ikipunguzwa hadi milisekunde 0.1, hitaji hushuka hadi 0.1, lakini kazi ya kompyuta huongezeka mara kumi. Kwa hiyo mtikisiko unaoonekana kwenye grafu huweza kudhaniwa kuwa tabia ya mashine, ilhali ulizaliwa na bloku moja iliyowekwa ili kunyamazisha ujumbe wa kosa.

Hesabu hiyohiyo hutawala uigaji wa pamoja, ambapo modeli mbili zilizotengenezwa katika programu tofauti hubadilishana thamani kwa vipindi. Kiwango cha FMI, cha kuunganishia modeli za programu tofauti, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2010 na kufuatiwa na toleo la 2.0 mwaka 2014 na la 3.0 mwaka 2022, hutumia maingizo na matokeo yenye mwelekeo mmoja. Katika mpangilio wake wa kawaida kila upande hufanya kazi kwa thamani ya kipindi kilichopita hadi zamu ya kubadilishana ifike, na h katika hesabu yetu huwa ndiyo urefu wa kipindi hicho. Ndiyo maana watu wenye uzoefu huugawa mfumo mahali palipo laini, kama kwenye tairi au mpira wa kufungia injini, wakauepuka mkato wa katikati ya shafti ngumu.

Vifurushi vya ishara na mlango wa pande mbili

Mistari ikifika kumi au ishirini, mchoro hausomeki tena. Kifurushi cha ishara, ambacho Simulink hukiita Bus, hukusanya ishara nyingi zenye majina katika mstari mmoja, na tangu mwaka 2017 zimekuwapo bloku za milango, In Bus Element na Out Bus Element, zinazomwezesha mchoraji kuchukua au kuweka ishara moja ya kifurushi pale pale mlangoni. Ni msaada mkubwa. Ila kifurushi kina mwelekeo mmoja sawa na mstari wa kawaida: huwezi kutia ndani yake kani inayokwenda na kasi inayorudi. Utahitaji vifurushi viwili, na kitanzi chako kitabaki kilekile. Angalizo langu pekee ni kwamba kifurushi huficha utegemezi, kwani mstari mmoja mnene hauonyeshi ni ishara ipi kati ya kumi na mbili iliyofunga kitanzi.

Katika familia ya Simulink ipo pia bloku iitwayo Two-Way Connection, ambayo huufanya mfumo tanzu uwe na mlango mmoja unaobeba ishara moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Nje huonekana mstari mmoja usio na kichwa. Ndani, kila upande una ishara inayoingia na ishara inayotoka. Kwa mtu anayejenga maktaba ya vipande vya kuunganishwa, kama vile injini, klachi na giaboksi, hili ni jambo la faraja, kwa sababu haiwezekani tena kuunganisha kani na kusahau kasi. Lakini mlango huu usichanganywe na mlango wa kifizikia, hata kama mistari yao inafanana machoni. Hauandiki mlinganyo wowote, hauhifadhi nishati, na hauondoi kitanzi cha kialjebra. Ni mistari miwili iliyovishwa koti moja, na kila upande ni lazima ujue mapema utatoa kipi na utapokea kipi.

Goto na From, na ghala la data

Bloku za Goto na From hupitisha ishara bila mstari, kwa lebo tu. Lebo yaweza kuwa ya ndani ya mfumo tanzu mmoja, ya eneo lililotajwa, au ya modeli nzima. Kwa kupunguza mistari inayokatana ndani ya ukurasa mmoja, lebo ya ndani inafaa. Kwa kuvuka mipaka ya mifumo tanzu, siipendekezi. Kitanzi cha kialjebra hubaki palepale, isipokuwa sasa hakionekani. Isitoshe, mfumo tanzu wenye lebo ya modeli nzima hauwezi kurudiwa: ukiweka magurudumu manne yanayotokana na bloku moja ya maktaba, kila moja likitangaza lebo ileile ya kasi, programu itakataa. Na lebo hizo haziwezi kuvuka mpaka wa modeli inayorejelewa, yaani modeli ya faili jingine inayotumiwa kama bloku, kwa hiyo siku mradi utakapogawanywa katika faili kadhaa, kazi yote itarudiwa.

Ghala la data, yaani bloku ya Data Store Memory pamoja na bloku zake za kuandikia na kusomea, ni jambo jingine. Hapa ndipo ishara huacha kuwa mtiririko na kuwa kumbukumbu ya pamoja, na swali la nani alitangulia, msomaji au mwandishi, halijibiwi tena na mchoro bali na mpangilio wa utekelezaji. Msomaji akitangulia, anapata thamani ya hatua iliyopita, ambayo ni ucheleweshaji uleule tuliouzungumzia, ila sasa haujatangazwa. Ukibadilisha mpangilio kwa kuongeza bloku isiyohusika, huenda ucheleweshaji ukatoweka au ukahamia upande mwingine. Simulink ina ukaguzi wa kusoma kabla ya kuandika na wa kuandika mara mbili katika hatua moja, nami ningeuwasha daima palipo na ghala hata moja. Nilipoteza siku mbili nzima nikitafuta tofauti kati ya matoleo mawili ya modeli ambayo milinganyo yake ilikuwa sawa herufi kwa herufi. Tofauti ilikuwa ni nani aliyesoma ghala kwanza. Ghala linafaa kwa vitu ambavyo kwa asili ni kumbukumbu ya pamoja, kwa mfano orodha ya hitilafu inayoandikwa na sehemu nyingi. Kwa kani na kasi halifai.

Milango ya kifizikia

Njia ya mwisho hubadilisha maana ya mstari. Katika lugha ya kuandikia modeli za kifizikia iitwayo Modelica, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1997, na katika Simscape, ambayo ilijiunga na familia ya Simulink mwaka 2007, mstari kati ya milango miwili si mshale bali ni kundi la milinganyo. Kigeu kimoja cha mlango, kama volteji au kasi, hutakiwa kuwa sawa kwa wote waliounganishwa. Kingine, kama mkondo au kani, hutakiwa kijumlishwe kuwa sifuri. Ni kanuni za Kirchhoff zilizopanuliwa kutoka kwenye umeme hadi mitambo, majimaji na joto. Wazo la kuziweka jozi hizi kwenye kiungo kimoja lina mizizi ya tangu mwaka 1959, Henry Paynter alipobuni michoro ya viungo vya nishati katika chuo cha MIT.

Faida kubwa ni kwamba mchoraji haamui tena nani anatoa na nani anapokea. Uamuzi huo hufanywa na programu baada ya kuiona milinganyo yote, nao unaweza kuwa tofauti katika kila modeli bila kipande chenyewe kuguswa. Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni inesha mbili zilizofungwa bila springi. Tuseme mota ina inesha ya 0.02, mzigo una 0.5, zote kwa kilogramu mita mraba, na kati yao kuna gia inayopunguza kasi mara 10. Katika mishale ya kawaida, kila mfumo tanzu ungependa kukokotoa kasi yake, lakini kasi ni moja tu. Ya pili ni nakala yake iliyogawanywa kwa 10. Mchoraji hana budi kuichukua inesha ya mzigo, aigawanye kwa mraba wa 10 apate 0.005, aiongeze kwenye ya mota ipate kuwa 0.025, na kuuvunja mpaka aliokuwa ameuchora. La sivyo, aingize springi ya kubuni na kupokea mtikisiko wa kasi kubwa usiokuwa na maana kwake. Programu yenye milango ya kifizikia hufanya upunguzaji huo yenyewe. Katika zana nyingi za Modelica msingi wake ni algoriti iliyochapishwa na Pantelides mwaka 1988. Mpaka wa mchoraji unabaki mahali pake.

Gharama zipo. Kila mtandao wa Simscape unahitaji bloku ya Solver Configuration, na sehemu za marejeleo kama ardhi ya umeme huhitajika pia. Kuingia na kutoka kwenye ulimwengu wa mishale huhitaji bloku za kubadilishia. Milinganyo inayopatikana huwa mchanganyiko wa ile ya mabadiliko kwa muda (tofautishi) na ile ya kialjebra, nayo huhitaji kitatuzi kinachoimudu, na kwenye kompyuta inayopaswa kumaliza kila hatua kwa wakati uliopangwa, urefu wa kazi hiyo huwa mgumu kuukadiria. Kosa likitokea, ujumbe wake huzungumzia mfumo mzima wa milinganyo, na anayeanza hujikuta hajui aangalie wapi. Hata hivyo, palipo na vipande vingi vinavyobadilishana nishati, ningezilipa gharama hizi kabla ya kulipa ile ya ucheleweshaji.

Nani achague kipi

Kwa kidhibiti na mtambo wake, chukua milango miwili ya kawaida, uitie kwenye vifurushi mistari ikizidi, na uweke ucheleweshaji mahali ambapo kifaa halisi kinao. Kwa modeli ndogo ya mitambo yenye vipande viwili au vitatu, ambayo itazalishiwa msimbo, bado mishale inafaa, mradi mipaka ipite kwenye vigeu vya hali. Mlango wa pande mbili utasaidia ikiwa vipande hivyo vitatumiwa tena na tena. Kwa mfumo ambao muundo wake utabadilika, leo mzigo mmoja na kesho mitatu, leo gia na kesho mkanda, milango ya kifizikia ni bora kwa mbali, kwa sababu katika mishale kila badiliko la muundo hulazimisha kuandika upya nani anakokotoa nini. Kwa modeli zilizo katika programu mbili, tafuta kwanza sehemu laini ya kukatia, ndipo uchague urefu wa kipindi.

Vyovyote utakavyochagua, andika mlangoni alama chanya inamaanisha nini. Kani inayoitwa chanya na mota inapoisukuma shafti huweza kuitwa hasi na mzigo unaoipokea, na kosa hilo halitoi ujumbe wowote. Kisha fanya jaribio moja ambalo halihitaji zana ya ziada: kwa kila upande wa mpaka, zidisha kani kwa kasi kama upande huo unavyozitumia, tafuta tofauti ya wati hizo mbili, na uijumlishe kwa muda wote wa uigaji. Katika milango ya kifizikia, na katika mishale isiyo na ucheleweshaji, jumla hiyo itakaa karibu na sifuri. Alama ikiwa imekosewa, itakua haraka tangu mwanzo. Ucheleweshaji ukiwa umejificha mahali fulani, itapanda polepole kwa kila mtikisiko, na idadi ya jouli utakazozikuta mwishoni ndiyo nishati ambayo modeli yako imeipata au kuipoteza mpakani.